Kuku Mgeni Asilale na Wenyeji



Wako wamwonao kuku kuwa kitu kidogo. Lakini kuku ndiye akiba iliyo karibu na mlango: hutoa mayai ya watoto, humheshimu mgeni, na karo ikipungua ndiye apelekwaye sokoni. Kwa hiyo yafaa tuseme habari za kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, kwani ugonjwa huo waweza kuimaliza akiba hiyo yote kwa muda wa siku chache.

Ugonjwa huu si uchawi wala si upepo mbaya. Ulitambuliwa mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, na hapa Kenya ulionekana Mombasa mwaka 1935. Kuku aliyeshikwa hujikunyata, hukataa chakula, huhema mdomo wazi na kuhara kinyesi cha kijani. Wengine hupooza miguu au kupinda shingo. Kundi lisilochanjwa laweza kufa karibu lote. Dawa ya kuuponya hakuna. Pilipili na shubiri husifiwa sana, lakini haziponyi kideri.

Basi huenezwaje? Mara nyingi sisi wenyewe ndio tuubebao. Kuku wa kwanza akianza kusinzia, mwenyewe huwafunga miguu waliosalia akawauza upesi kabla hawajafa. Mnunuzi huwaona wazima, maana ugonjwa hukaa mwilini siku 2 hata 15 kabla ya kujidhihirisha. Muuzaji hupata shilingi zake, na jirani hupata msiba. Kwa wanadamu husemwa, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa kuku, mgeni akija bila hadhari, mwenyeji hufa.

Kwa hiyo yatupasa kushika mambo haya:

Kwanza, kuku aliyenunuliwa, au aliyerudishwa kutoka sokoni, atengwe majuma mawili, mbali na wengine, na chombo chake cha maji kiwe mbali.

Pili, ugonjwa ukiingia, asiuzwe wala asipewe mtu kuku hata mmoja. Waliokufa wachomwe moto au wafukiwe shimo refu, wasitupiwe mbwa. Mwenye kuwashika anawe mikono na kusafisha viatu kabla ya kwenda kwa jirani. Afisa wa mifugo apewe habari mara moja.

Tatu, kuku wachanjwe wangali wazima, kwani chanjo hukinga, haiponyi. Iko ya kutiwa jichoni, tone moja tu, kifaranga na jogoo sawasawa, na hurudiwa kila miezi 3 au 4. Isipigwe na jua wala isikae penye joto, maana huharibika.

Najua neno litakalosemwa: chupa moja ya chanjo ni ya kuku wengi, nami ninao 8 tu, ya nini kuinunua? Ni kweli, na ikishachanganywa haiwekwi hata kesho. Lakini umoja ni nguvu. Nyumba 10 za kijiji kimoja zikichanga fedha, zikachagua siku moja, na kuku wakafungiwa ndani tangu usiku ili washikwe kwa urahisi alfajiri, gharama ya kila mtu huwa ndogo kuliko bei ya kuku mmoja. Tena faida yake ni kubwa kuliko kuchanja peke yako, kwa kuwa kuku wetu hawajui mipaka ya mashamba. Huparua pamoja, na wakiugua, huugua pamoja.