HOMA NYINGINE WEE ACHA TU!

Ile stori ya harusi ya Mbagala niliyokuahidi naomba isubiri, maana wiki hii kuna jambo limenikaa kooni.

Kuna dada mmoja huku kwetu Temeke, mtaa siutaji. Kaniruhusu niandike, ila jina kakataa. Binti yake wa miaka miwili alizaliwa na virusi vya ukimwi. Waliojua ni yeye na mumewe tu. Mama mkwe, anayeshinda na mtoto kutwa nzima, hajui kitu.

Basi mtoto akashikwa na homa. Mama mkwe akatoa hukumu palepale: malaria hiyo! Ikanunuliwa dawa mseto duka la dawa. Siku ya tatu mtoto bado anachemka. Bibi akapasua kapsuli za rangi mbili, akazikorogea kwenye uji. Homa ikashuka kidogo, akaacha, zilizobaki akaziweka kabatini (si ndivyo tufanyavyo wote?). Siku mbili baadaye mtoto hata macho hafungui.

Hospitali wakapima malaria: hamna. Wakachukua damu ikaoteshwe maabara. Kumbe bakteria aitwaye klebsiela kaingia kwenye damu! Huyo anaweza kuishi tumboni mwa mtu bila kumsumbua, lakini kinga ikilegea anapenya. Dawa ya kwanza ikagonga mwamba, wakabadilisha.

Usidhani nakutisha. Mwaka 2001 hadi 2002 pale Muhimbili watafiti waliwafuatilia watoto 1,828 wa umri usiozidi miaka saba, waliolazwa na dalili za maambukizo. Karibu 14 katika kila 100 walikutwa na vijidudu kwenye damu, na zaidi ya theluthi ya hao walikufa. Wa malaria walikufa 20 katika 100. Wa klebsiela na jamaa zake, 43! Walioponzwa zaidi ni wenye virusi, wenye utapiamlo, na wale ambao bakteria wao walishaizoea dawa. Hapo nikazikumbuka zile kapsuli za kabatini.

Usiku wa pili, kwenye benchi nje ya wodi, dada akamweleza mama mkwe kila kitu. Alitegemea matusi. Bibi akanyamaza weee, kisha akasema: "Sasa mwanangu, mimi ningejuaje?"

Mtoto karudi nyumbani juzi. Dawa zake za kila siku sasa anampa bibi.

Harusi wiki ijayo.