Tahariri: Mwenye Shaka Asifukuzwe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na ahali zake na Sahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, katika misikiti na madrasa zetu kuna jambo litendekalo mara nyingi, nasi tukalihesabu kuwa ni katika kuilinda dini. Darsa ikimalizika, kijana husimama akauliza: Ikiwa Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa Rehema, mbona mtoto mchanga asiye na dhambi hupatwa na maradhi mazito? Au huuliza: Ikiwa kila jambo limekwisha kuandikwa, vipi mja atahesabiwa kwa matendo yake? Kabla hajamaliza maneno yake, huyu humtolea istighfari, yule humkumbusha kwamba maneno kama hayo humtoa mtu katika Uislamu, na mwalimu humwamuru akae kitako. Kijana hukaa. Msikiti hutulia, nasi huondoka tukidhani kwamba fitina imezimwa.

Ukweli ni kwamba hapana kilichozimwa. Kijana amerejea kwao na swali lake lile lile, na juu yake amebeba fundisho jipya tulilomfundisha sisi wenyewe, kuwa dini yake haina jawabu na wakubwa wake wanaliogopa swali. Usiku huo huo simu aliyo nayo mkononi itampatia watu tele walio tayari kumjibu, na wengi wao hawaitakii imani yake kheri. Wanaoiacha dini kwa njia hii aghalabu hawatangazi. Hupunguza Swala kidogo kidogo, huja msikitini siku ya Idi kwa kuwastahi wazazi, na mioyo yao imekwisha kuondoka zamani. Kwa hiyo yatupasa tujiulize kwa uadilifu: je, njia hii ya kunyamazisha ndiyo njia ya Qur'ani na ya Mtume (s.a.w.)?

Tumtazame Nabii Ibrahimu (a.s.), baba wa Manabii. Katika Sura ya Al-Baqara (2:260) tunasimuliwa kwamba alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyowafufua wafu. Mola alimuuliza kama haamini, naye akajibu kuwa anaamini, ila ataka moyo wake upate kutulia. Hakulaaniwa wala hakufukuzwa katika daraja yake. Aliagizwa achukue ndege wanne, akaonyeshwa alichoomba. Basi hapa tunajifunza kwamba imani na haja ya kutulizwa moyo huweza kukaa pamoja katika kifua kimoja, hata kifua cha Nabii.

Tuwatazame pia Sahaba (r.a.). Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba baadhi yao walimwendea Mtume (s.a.w.) wakashitakia kwamba hujiwa nafsini mwao na mawazo ambayo ni mazito mno kwao hata kuyatamka. Mtume hakuwakemea. Aliwauliza kama kweli wameyahisi hayo, na walipokubali, aliwaambia kuwa hiyo ni imani iliyo wazi. Wanazuoni wameeleza kwamba kule kulichukia wazo hilo na kuona uzito wa kulitamka ndiko kulikoshuhudia imani yao. Mwivi haivunji nyumba iliyo tupu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Uislamu unalisifu shaka na kumtaka Mwislamu aishi nalo. Sura ya Al-Hujurat (49:15) imewasifu waumini kuwa ni wale walioamini kisha wasitie shaka. Mwisho wa safari ni yakini. Tunalosema ni kwamba msafiri hafikishwi huko kwa kupigwa, na kwamba mwenye kuuliza bado yumo njiani.

Kuna hadithi iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.) ambayo ingefaa ikumbukwe na kila anayekaa mbele za watu kufundisha. Safarini mtu mmoja alipigwa na jiwe, akajeruhiwa kichwani, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika sana, akasema kuwa wamemwua, na akawalaumu kwa kutouliza walipokuwa hawajui, kwani kuuliza ndiyo dawa ya asiyejua. Tuzingatie hasira hiyo ilielekea kwa nani. Haikumwelekea aliyeuliza. Iliwaelekea waliomjibu bila ya elimu. Ikiwa jawabu la ujinga liliua mwili, je, jawabu la ujinga katika mambo ya itikadi litaua nini?

Na asidhani mtu kwamba shaka huwapata wajinga peke yao. Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058 na kufariki mwaka 1111, ameeleza katika kitabu chake Al-Munqidh min adh-Dhalal kwamba kwa muda wa karibu miezi miwili alilitilia shaka kila jambo, hata yale anayoyaona kwa macho yake, mpaka Mwenyezi Mungu alipomtia nuru moyoni. Baada ya hapo hakukimbia maswali. Alipokuwa akifundisha Baghdad katika chuo cha Nizamiyya, ambako wanafunzi mia tatu walikuwa wakimsikiliza, alizitumia saa zake za faragha kuvisoma vitabu vya wanafalsafa mpaka akaujua msingi wa hoja zao, ndipo alipoandika kuwarudi. Hakumjibu mtu kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hakulifahamu.

Hata huku kwetu pwani tunao mfano wa namna hii. Mwaka 1923 padri Godfrey Dale alichapisha tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili pamoja na maelezo ya kuupinga Uislamu. Masheikh wetu hawakutosheka kuwakataza watu wasikisome. Walishika kalamu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na akaanza kazi ya kuifasiri Qur'ani, na mwaka 1969 ikatoka Qurani Takatifu ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambayo hadi leo imo majumbani mwetu. Wapinzani walisema kwa Kiswahili, nao wakajibiwa kwa Kiswahili, kwa elimu.

Basi tufanye nini? Kwanza, mwalimu apambanue aina ya shaka, kwani tabibu hawapi wagonjwa wote dawa moja. Yuko mwenye wasiwasi unaomjia na kumrudia bila ya hoja, huyo Mtume (s.a.w.) amefundisha ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na akate wazo hilo, asilifuate. Yuko mwenye swali la elimu. Haki yake ni kujibiwa kwa elimu. Yuko aliyefiwa na mtoto au kupatwa na msiba, akauliza kwa nini. Huyo kabla ya hoja anahitaji mtu wa kukaa naye. Na yuko mwenye kufanya dhihaka. Qur'ani (4:140) imetukataza kukaa naye mpaka aingie katika mazungumzo mengine. Kosa letu kubwa ni kuwachukulia wote kana kwamba ni huyu wa nne.

Pili, mwalimu asione haya kusema hajui. Imesimuliwa kwamba Imamu Malik aliulizwa masuala 48, akasema katika 32 kati ya hayo kuwa hajui, na cheo chake hakikupungua. Mwalimu akisema, "Sijui, nipe siku chache nikaulize," kijana atajifunza unyenyekevu wa elimu, na wiki ijayo atarudi kusikiliza.

Tatu, kila msikiti utenge saa moja, walau mara moja kwa mwezi, ambapo vijana, wanaume kwa wanawake, watauliza walitakalo, na wenye haya waandike maswali yao bila ya majina. Gharama yake ni mkeka na subira.

Nne, twamnasihi mwenye shaka mwenyewe. Ndugu yetu, usiiache Swala kwa kungojea majawabu. Mtu aliyepotea gizani haizimi taa ndogo aliyo nayo. Usimwulize kila mtu. Mwenyezi Mungu ameamrisha (16:43) waulizwe wenye elimu, na ukikosa jawabu kwa mmoja, nenda kwa mwingine. Na uwe mkweli kwa nafsi yako: je, watafuta haki, au watafuta ruhusa ya jambo ambalo moyo umekwisha kulitamani?

Wazazi nao wajue kwamba mtoto anayewauliza juu ya Mwenyezi Mungu amewapa amana kubwa. Bado anawaamini. Siku atakayoacha kuuliza wasiifurahie mpaka wajue kwanza sababu yake.

Ee Mola wetu, usiziache nyoyo zetu zipotoke baada ya kutuongoa. Watulize wenye wasiwasi, wape walimu wetu elimu na upole, na usitujaalie sisi kuwa sababu ya mja wako kuukimbia mlango wako. Amin.