Nani Mlinzi wa Ndugu Yake Kivukoni?

Misemo miwili haikosekani katika misiba ya watu waliogongwa na magari. Wa kwanza hutolewa na majirani wakiwa wameketi mikekani: ajali haina kinga. Wa pili husikika makaburini, mara nyingi mwishoni mwa wasifu wa marehemu: kazi ya Mungu haina makosa. Sisi tuitwao kuongoza mazishi hayo tumeisikia misemo hiyo mara nyingi, na hatuna budi kusema wazi kwamba huo wa pili, utumikapo mahali pasipostahili, ni kumsingizia Mungu. Mtoto aliyegongwa juu ya mistari myeupe ya kivuko, mchana kweupe, na gari lililokuwa likilipita gari jingine lililokwisha kusimama ili avuke, hakufa kwa kazi ya Mungu. Amekufa kwa kazi ya wanadamu, nayo kazi ya wanadamu ina makosa yanayoweza kuchunguzwa, kuungamwa na kurekebishwa.

Yawezekana lugha yetu yenyewe imetulaza kidogo. Neno ajali tumelipata kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni muda uliowekwa, ukomo wa uhai wa mtu. Alitamkaye bila kufikiri yu karibu kusema kwamba jambo lenyewe lilikwisha kuandikwa. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote katika mwaka 2021, na kwamba hicho ndicho chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya vifo 9 katika kila 10 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo hazina hata theluthi mbili ya magari yote ya dunia. Kama ni saa iliyoandikwa, mbona imeandikwa zaidi kwa maskini?

Twaandika haya tukifikiria hasa parokia na vigango vilivyo kando ya barabara kuu. Asafiriye kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro anajua hali ilivyo: barabara inapita katikati ya makazi, shule iko upande huu na kisima upande ule, na pale Chalinze, inapoachana barabara iendayo kaskazini, wachuuzi hukimbilia madirisha ya mabasi wakiwa na mabeseni mikononi. Kwa wenyeji, barabara hiyo ni uwanja wa nyumbani. Kwa dereva wa lori la mizigo atokaye bandarini, ni njia ya kupitia tu. Watu hao wawili hukutana kwa sekunde chache, hawajuani majina, na uhai wa mmoja wao umo katika mguu wa mwenzake.

Sheria haikuwaacha bila mwongozo. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva ampishe aliyeko kivukoni, na mwendo katika maeneo ya makazi umewekewa kikomo cha kilomita 50 kwa saa. Mkataba wa kimataifa wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani uliwapa wajibu wote wawili: dereva akikaribie kivuko kwa mwendo usiomhatarisha anayevuka wala anayetaka kuvuka, na mwenda kwa miguu asiingie barabarani kabla ya kuangalia umbali na mwendo wa magari yanayokuja. Kwa hiyo wajibu ni wa pamoja. Jambo hilo halina ubishi, na Baba Mtakatifu Yohane wa 23 alikwisha kutufundisha katika waraka wake Pacem in Terris, mwaka 1963, kwamba kila haki hufuatana na wajibu wake.

Hata hivyo tusiharakishe kusema kwamba wajibu wa pamoja ni wajibu ulio sawa. Hapa ndipo tunapotofautiana na mazungumzo ya vijiweni, ambayo hugawa lawama kama watu wagawanavyo muwa, kipande kwako, kipande kwangu. Mama mwenye furushi kichwani akikosea, atakayeumia ni yeye. Dereva akikosea, atakayeumia ni huyo huyo mama. Aliye na uwezo mkubwa zaidi wa kuua ana deni kubwa zaidi la kujizuia. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia wakati ule uchungaji wa wahamiaji na wasafiri lilitoa miongozo ya uchungaji wa barabarani, yenye amri kumi za madereva, na amri ya tisa inaagiza barabarani alindwe aliye dhaifu zaidi. Wako watakaoshangaa kusikia kwamba Roma iliwahi kuandika juu ya usukani. Basi na washangae zaidi: Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 30, uliwakemea wanaozidharau sheria za mwendo wa magari, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inasema ni hatia kubwa kuhatarisha usalama wa watu kwa ulevi au kwa kupenda mno mwendo kasi. Katika mafundisho yetu ya amri ya tano twataja panga, bunduki na utoaji mimba. Usukani hatuutaji.

Madereva wengi husema, na husema kwa unyofu, "Alinitokea ghafla." Tufanye hesabu kidogo. Gari dogo lenye breki nzuri, juu ya lami kavu, likienda kilomita 50 kwa saa, hupita mita 14 hivi kabla mguu wa dereva haujaifikia breki, na mita nyingine 14 hivi mpaka lisimame. Likienda kilomita 80 kwa saa huhitaji jumla ya mita 57 au zaidi. Sasa mtoto aonekane umbali wa mita 30. Dereva wa kwanza atasimama mbele yake. Wa pili atamgonga akiwa bado na mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa. Mtoto ni yule yule, kosa lake ni lile lile, lakini mmoja atarudi nyumbani kugombezwa na mwingine atazikwa. Hiyo "ghafla" dereva aliitengeneza mwenyewe kilomita nzima kabla ya kufika. Tena hapo hatujataja mvua, matairi yaliyokwisha, wala lori lenye shehena.

Lipo kosa moja linalotutisha kuliko yote, kwa kuwa huugeuza wema kuwa mtego. Dereva mwungwana anasimama kwenye kivuko na kumpungia mtoto mkono apite. Mtoto anamwamini, anatoka mbele ya gari. Wa nyuma anaona gari lililosimama tu, haoni sababu ya kusimama kwake, naye analipita. Au bodaboda anajipenyeza upande wa kushoto. Mkataba ule wa Vienna unakataza kulipita gari lililosimama kivukoni, isipokuwa kwa mwendo mdogo kiasi cha kuweza kusimama papo hapo. Gari likisimama kivukoni limesimama kwa ajili ya mtu, hata kama humwoni. Watoto nao wafundishwe kuvuka gari la kwanza, kisha kutua na kuchungulia tena kabla ya kuendelea.

Lakini je, dereva ni peke yake kwenye usukani? Wa daladala anatakiwa kumpelekea mwenye gari hesabu ya kila siku, iwe mvua iwe jua, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chakula cha wanawe. Kila dakika anayosimama kivukoni ni abiria anayechukuliwa na mwenzake. Mwenye gari huyo pengine amekaa benchi la mbele Jumapili, ametoa mchango mzuri wa ujenzi, na hajagusa usukani kwa miaka kumi. Tunamwambia kwa heshima: hesabu isiyolipika kwa mwendo halali ni amri ya kuvunja sheria, na damu inayomwagika kwa ajili yake haikauki kwa sababu mkono ulioimwaga ni wa mwajiriwa. Kaini naye aliulizwa habari za ndugu yake.

Kuhusu waenda kwa miguu tutasema machache, si kwa sababu hawakosei. Wanakosea. Kuna kijana anayekatiza barabara simu ikiwa sikioni, kuna mlevi wa usiku, kuna wanaopita chini ya daraja la waenda kwa miguu wakisema ngazi ni ndefu. Tangu mabasi ya mikoani yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, avukaye gizani kwa nguo nyeusi na anunue walau tochi. Anayetuhuzunisha zaidi ni mzazi anayemkokota mtoto mkono na kukimbia naye katikati ya magari hatua ishirini tu kutoka kivukoni. Mtoto mdogo bado hawezi kukadiria gari linakuja kwa kasi gani. Anachoweza ni kuiga.

Na wako wasioonekana kabisa siku ya msiba, yaani waliopanga barabara ipite mahali fulani bila kuuliza watoto watavukia wapi. Wananchi waliochoka hufunga njia kwa magogo na mawe mpaka wawekewe matuta. Hasira yao twaielewa, ingawa mawe hayo usiku huua wengine. Ipo njia ya barua. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Barua yenye saini za mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mkuu, paroko na shehe, ikitaja mahali penyewe na idadi ya watoto wavukao, ni ngumu kuiweka kabatini.

Kwa sababu hiyo Tume inaziomba jumuiya ndogo ndogo zote zilizo kando ya barabara zichague asubuhi moja ya siku ya shule, saa 12 hadi saa 2, ziweke watu wawili penye kivuko, au panapotakiwa kivuko. Wahesabu watoto wanaovuka, magari yanayosimama na yasiyosimama. Wasibishane na dereva yeyote, wala wasiandike namba za magari. Wakati huohuo UWAKA na WAWATA wakutane na madereva na wenye magari wa parokia yao, wazungumze juu ya hesabu ya siku. Na baada ya Misa magari ya waamini yasubiri langoni mpaka wanaotembea wawe wamevuka. Jambo hili paroko anaweza kulitangaza Jumapili ijayo. Karatasi za hesabu ya watoto apewe katibu wa kamati ya Haki na Amani wa parokia, naye azifikishe ofisi ya Tume jimboni kabla shule hazijafungwa, ili barua ziandikwe wakati wa likizo.