Sebene Halikuzaliwa Madhabahuni

Katika mkutano wa injili uliofanyika Katoro, mkoani Geita, mhubiri mmoja aliwataka vijana watoe simu mifukoni na wafute palepale kila wimbo wa kidunia. Wengi wao walikuwa wametoka machimboni, vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, bado limewaganda kwenye nyusi. Walitii. Mhubiri akasema wimbo humwingia mtu pamoja na roho yake, na kwamba mlokole anayesikiliza Bongo Fleva au ngoma za Kisukuma amerudi nyuma, tena ni mnafiki. Alipomaliza alishuka jukwaani, na vyombo vyake vikaanza pambio.

Gitaa la solo likapanda, besi ikajibu, na haikupita muda mpigaji akachomoa sebene, ule mchapo wa gitaa wa kuchezesha watu. Akina mama wakavua viatu, vijana wakatimua vumbi. Sebene hilo limetoka Kongo, kwenye kumbi za dansi za Kinshasa, ambako Franco na TPOK Jazz yake walilipiga miaka na miaka mbele ya meza za bia, katika nyimbo za mapenzi, fitina na ndoa zilizovunjika. Kama wimbo humwingia mtu na roho yake, basi roho ya baa imekaa katika makwaya ya Kanda ya Ziwa kwa miongo mingi, na hakuna mchungaji aliyeiona.

Hoja hii moja inatosha, na kila anayehubiri habari ya muziki wa kidunia inabidi aijibu kabla hajagusa simu ya mtoto wa mtu. Gitaa lilelile, mapigo yaleyale, kiuno kilekile. Juu ya jukwaa ni upako. Mtaa wa pili, kwenye kibanda cha chipsi, ni dhambi.

Hata Wazungu walioleta tenzi hawakuwa na sauti zilizoshuka kutoka mbinguni. Mwaka 1601 Mjerumani Hans Leo Hassler alichapisha wimbo wa kijana aliyechanganyikiwa kwa mapenzi ya msichana. Sauti ya wimbo huo ikachukuliwa na kanisa, ikapewa maneno ya mateso ya Kristo, baadaye Johann Sebastian Bach akaitumia katika kazi yake kubwa ya Mateso kwa Mathayo. Leo Wakristo wa nchi nyingi huiimba Ijumaa Kuu huku wakilia. Hakuna anayelia kwa ajili ya yule msichana.

Usukumani jambo hili lina historia yenye kuuma. Africa Inland Mission waliingia Nassa mwaka 1909, na wao pamoja na kanisa lililotokana nao, AIC, ndio waliojenga hospitali ya Kolandoto na kusomesha watu wengi wa Shinyanga. Shukrani wanastahili. Lakini machoni pao ngoma ilikuwa upagani, na aliyebatizwa alitakiwa kuziacha mbina zote, yaani ngoma za asili. Sababu waliyotoa ilikuwa dawa: Wagika na Wagalu, makundi mawili makuu ya wachezaji wa Kisukuma, yanasimuliwa kuwa yalianzishwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa kali zaidi ya kuvuta watazamaji. Ushindani huo haujaisha hadi leo. Kila baada ya mavuno makundi hayo hukutana uwanjani, na mshindi ni yule aliyejaza watu.

Sawa, dawa zipo. Ila bugobogobo, ngoma inayochezwa kwa majembe, ilizaliwa shambani, watu wakilima kwa pamoja ili mapigo yawasogeze wasichoke. Ukimkataza Msukuma ngoma hiyo umemkataza kumkumbuka baba yake akiwa kazini. Nyarugusu, hukohuko Geita, yupo mama wa kwaya ambaye, akiponda mawe ya dhahabu juani, huimba nyimbo za kulimia alizofundishwa na bibi yake. Jumapili anaimba sauti ya kwanza. Mama huyo kuitwa mnafiki ni dhuluma, na anayemwita hivyo hajawahi kuponda mawe.

Wapo wanaosema ngozi ya ngoma huita majini. Hoja hii ni aibu kusikika kutoka kinywani mwa mtu aliyesoma chuo cha Biblia. Ngozi hiyo ni ya ng'ombe, na nyama ya ng'ombe huyohuyo mzee wa kanisa aliila kwenye pilau ya arusi, akaomba aongezwe.

Wakatoliki wa Bujora, kule Kisesa nje kidogo ya jiji la Mwanza, waliliona hili mapema. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alijenga makumbusho ya Wasukuma na kanisa la duara kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, akaziingiza ngoma katika ibada. Sikukuu ya Ekaristi Takatifu ikawa Bulabo, yaani maua. Mpaka leo, kila Juni, baada ya maandamano ya Ekaristi, Wagika na Wagalu hushindana hapo kwa siku kadhaa. Imani ya Bujora haijafa.

Serikali nayo haiko mbali na wahubiri hawa. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa maneno machafu. Desemba wawili hao wakauimba palepale jijini Mwanza, umati ukiwaitikia, wakafungiwa kufanya maonyesho, na baadaye wakaomba radhi. Umati ule ulikuwa na vijana wa makanisani pia. Haukushushwa kutoka mwezini. Wakati huohuo hakuna aliyefungiwa kwa kuwauzia wachimbaji wadogo mafuta ya upako ili duara, yaani shimo la mgodi, litoe dhahabu, biashara inayomaliza posho ya mtu aliyekaa siku nzima katika shimo linaloshikiliwa na magogo ya matimba.

Vijana wa Katoro waliofuta nyimbo zao walizirudisha. Kijana mmoja wa karasha alikuwa amezipata zote kwa rafiki yake kabla ya Jumatano, pamoja na mapambio ya ule mkutano, yaliyorekodiwa kwa simu. Anayapiga yakifuatana na Bongo Fleva, spika ikiwa juu ya gunia la mawe. Mhubiri akirudi atayasikia yote mahali pamoja. Kabla hajaagiza yafutwe tena, aanze na gitaa la jukwaani kwake.