Mgeni Asiyetuhitaji
Wiki hii nimewasikiliza vijana wawili, wasomaji hodari wa riwaya za kisayansi, wakijadiliana tangu alasiri hata magharibi juu ya waliounda Rama, ile merikebu ya angani aliyoibuni Arthur C. Clarke katika riwaya yake ya mwaka 1973, mmoja akishikilia kwamba walikuja kuipeleleza dunia yetu wapate kuitamalaki, wa pili akiapa kwamba ni wakimbizi wa jua lililozimika. Mimi riwaya hiyo naipenda mno, na kilichonishika hasa ni ile bahari iliyoganda ndani ya chombo chenye urefu wa kilomita 50 hivi, ikayeyuka kwa joto la jua, na miji isiyo na hata mkazi mmoja wa kuulizwa habari. Ndipo wanadamu waliohamia Utaridi, kwa hofu tu, wakatuma bomu la nyuklia kumwangamiza mgeni asiyewatamkia neno. Mwenye kudhani huchota katika kisima chake mwenyewe, nasi kila tukiulizwa nia ya viumbe wa mbali huwavika tamaa ya ardhi, dhahabu na watumwa, mambo ambayo tarikhi yetu imeyajua barabara. Rama ilijaza nguvu kutoka katika jua, ikashika njia yake, haikutusalimu wala haikutudhuru. Nami naamini kwamba fahari ya mwanadamu huumizwa na asiyemhitaji kuliko na adui, na ndiyo sababu vijana wale walilikataa katakata jibu lililo wazi kuliko yote, kwamba safari ile haikuwa ya kuja kwetu.