Mwanafunzi Mpya na Watu wa Kwao

Wazazi wa Kabondo, mtoto wenu aingiapo mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Kisangani, mbona mwamwambia, "Tafuta kwanza watu wa kwetu"? Chuo hicho kilianzishwa na Waprotestanti mwaka 1963, kikawa cha taifa mwaka 1971. Nasi Wakatoliki twasoma humo bila haya. Je, Mlokele aone haya kusoma na Mtopoke? Watu wa kwao watamchangia nauli, hata sanda, ni vema. Lakini hesabu iliyomshinda, nani atamweleza? Vijana watano wa makabila mbalimbali, kitabu kimoja, ubao mmoja, kila jioni: hicho ndicho chama cha masomo. Tena afichaye daftari lake asijiite Mkristo. Wahitaji ukumbi wenye taa tu. Nani katika parokia atawanyima ufunguo?