Uta ni Ugwe: Tusiukabidhi kwa Nailoni

Ni ada ya watazamaji wengi, wanapouona uta umetundikwa ukutani au umesimamishwa mlangoni pa duka la vinyago, kuusifu mti wake ulivyochongwa, na mshale wake ulivyotiwa manyoya, na chembe yake ilivyofuliwa, kisha wakaupita ugwe bila hata kuutupia jicho, kana kwamba umefungwa pale kwa ajili ya pambo tu. Mimi naona sifa hizo zimekosea mlango. Mti uliopindwa si silaha wala si chombo cha mchezo mpaka upate ugwe wa kuushika katika kupindika kwake. Na ugwe wenyewe hauna kazi ila moja, nayo ni kukataa kurefuka pale ambapo kila nguvu inaushurutisha urefuke. Aliyeusokota ugwe wa namna hiyo ndiye fundi wa uta, na ufundi huo ndio ambao sisi watu wa kusini, tangu Mikindani na Msimbati hata mdomoni mwa Ruvuma, na juu kwenye uwanda wa Makonde, tunauacha upotee kwa kuwa nailoni imejaa madukani.

Uta si mgeni katika nchi hii. Wawindaji waliutumia zama na zama, na katika vita vya Majimaji, tangu 1905 hata 1907, mishale na mikuki ilibebwa pamoja na magobore kwenda kukabili risasi za Wadachi. Mwaka 1906, vita vikali havijapoa, mtaalamu Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Lindi, Masasi na Newala akikusanya vyombo vya wenyeji, akavisafirisha Ujerumani. Vyombo vilivyokwenda vilipata kabati za kuvihifadhi. Maarifa ya mikono iliyovifanya hayakuweza kutiwa sandukuni, nayo yalibaki hapa kwetu, yakitegemea mzee amfundishe kijana, na kijana akubali kufundishwa.

Leo kijana atakaye kutengeneza uta, awe anaufanyia mchezo au biashara ya watalii, huenda kwa muuza zana za uvuvi akanunua mshipi wa nailoni, akaufunga ncha mbili, na kazi kwake imekwisha. Hakosi sababu: mshipi ni rahisi, hauozi upesi, nao umemvutia mvuvi samaki mzito kuliko mshale wowote. Walakini sifa inayoufanya mshipi upendwe baharini ndiyo inayouharibia uta. Mvuvi anataka uzi unaovutika, ili changu au kolekole anapojitupa ghafla, mshtuko umezwe na urefu wa uzi badala ya kuukata. Na nailoni huweza kuvutika asilimia 15 hata 30 kabla ya kukatika. Kadhalika kamba ya usumba, ambayo wazee wetu waliipata kwa kuyafukia makumbi ya nazi katika mchanga wa pwani kwa miezi kadhaa na kuyaponda, ilikuwa amari bora ya kufungia chombo, kwa kuwa ilinyumbuka kila wimbi lilipokiinua chombo kile. Katani, yaani nyuzi za mkonge, haina tabia hiyo: huvutika asilimia 2 au 3 hivi, kisha hukatika. Baharia aliyeelewa mambo hakutia katani palipotaka usumba. Basi na sisi tusitie nailoni palipotaka katani.

Huenda msomaji akaniuliza kurefuka kwa upana wa kidole kimoja kuna madhara gani. Chukua uta wenye ugwe wa mita 1 na nusu, uliofungwa vyema hata pakawa na nafasi ya ngumi yenye dole gumba lililosimama kati ya ugwe na tumbo la uta. Ugwe huo ukirefuka sentimita 1 tu, nafasi ile hupungua kwa karibu sentimita 2, kwa kuwa ndivyo yalivyo maumbile ya upinde na kamba yake. Hapo ugwe huanza kumchapa mpigaji mkononi, mshale hubadili njia ya kutokea, na mtu aliyepiga shabaha sawasawa asubuhi hukosa alasiri, akajilaumu jicho lake ilhali jicho halina kosa. Isitoshe, ugwe unaovutika kama mpira hubakiza kwake sehemu ya nguvu iliyopasa kuingia mshaleni.

Kurefuka kwenyewe si kwa namna moja, na wengi hushindwa kukuzuia kwa sababu hutumia dawa moja kwa maradhi matatu. Namna ya kwanza ni ya usokotaji: nyuzi zilizosokotwa ovyo hutafuta mahali pa kukaa, mafundo hujibana, vitanzi hujikaza, na ugwe hurefuka katika mivuto ya mwanzo kisha ukatulia. Namna ya pili ni ya mnyumbuko, ambapo ugwe huvutika na kurudi kila upigwapo; hiyo hutokana na asili ya uzi, na dawa yake ni kuchagua uzi mwingine. Namna ya tatu ndiyo ya hila, kwa kuwa huja polepole, uzi ukikaa chini ya mvuto saa baada ya saa, ukaongezeka kidogo kidogo na usirudi tena. Bandu bandu humaliza gogo. Nailoni inazo aibu mbili za mwisho zote pamoja. Katani imebakiwa hasa na ile ya kwanza, nayo ndiyo inayotibika kwa mkono wa fundi kabla uta haujafungwa.

Matibabu hayo huanzia shambani. Fundi huchagua majani ya mkonge ya chini, marefu na yaliyokomaa, akakata mwiba wa nchani, akalilaza jani juu ya ubao na kulikwangua kwa kisu butu, tangu katikati hata mwisho, mpaka ile nyama ya kijani na utomvu wake unaowasha ngozi viondoke, zibaki singa nyeupe zenye urefu wa mita 1 hivi. Huzifua papo hapo kwa maji ya kisima, wala si ya bahari, kwani chumvi ikikauka ndani ya uzi huvuta unyevu kila siku. Kisha huzianika, akazichambua, akatupa kila singa iliyochubuka. Ndipo hugawa mafungu matatu yaliyo sawa, akalowesha vidole, akasokota kila fungu kwenda kulia huku akiyazungushia mafungu yenyewe kwenda kushoto, hata ikawa kila uzi unaotaka kufumuka unamkaza mwenziwe. Singa fupi zinapokwisha huongezwa nyingine, lakini asiongeze katika nyuzi zote mahali pamoja; kila kiungo kikae mbali na kiungo cha jirani walau shibiri moja, maadamu kamba hukatikia pembamba, na katika ugwe wa uta pembamba pamoja panatosha kuvunja mti mzima.

Unene nao una kanuni. Ugwe yafaa uweze kubeba takriban mara nne ya nguvu ya kuuvuta uta: uta unaovutwa kwa uzito wa kilo 15 utake ugwe wa kubeba kilo 60. Mwembamba kuliko huo huvutika na kukatika. Mnene kupita kiasi huwa mzito na kumnyima mshale mwendo. Ugwe ukishasokotwa hufungwa kwenye boriti ungali na unyevu, ukatundikiwa jiwe lililo zito kuliko nguvu ya uta, ukaachwa siku nzima na usiku wake hata ukakauka chini ya mzigo. Hapo ndipo kila singa hutafuta makazi yake na kila fundo humaliza kujibana, ili uta usije ukarithi kazi ambayo jiwe lilipaswa kuimaliza. Mwisho hupakwa nta ya nyuki na kusuguliwa kwa kipande cha ngozi, mbele na nyuma, mpaka ujoto wa msuguo uyeyushe nta na kuizamisha ndani; na katikati, pakaapo mshale, na kwenye vitanzi, hukazwa uzi mwembamba wa pamba ili pasilike.

Nta si urembo katika pwani hii yenye hewa nzito. Kamba ya mmea ikilowa, singa zake hufura na kamba hufupika, kisha ikikauka hulegea. Kano ya mnyama, kinyume chake, hulainika na kurefuka. Ndiyo sababu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wakaao nchi kavu, hufanikiwa kwa nyugwe za kano, ambazo katika masika ya bonde la Ruvuma zingemtesa mwenyewe. Wajapani nao hupaka nyugwe zao za mimea utomvu wa msonobari, na madhumuni ni yaya haya. Aidha, ugwe uliolegea kidogo hukazwa kwa kuufungua ncha moja na kuuongeza mizunguko michache. Mtu akizidisha, ugwe hujikunja na kuanza kuvutika upya, dawa ikageuka ugonjwa. Na uta ukishatumika ufunguliwe, kwa kuwa ugwe na mti vyote viwili huchoka kwa kukaa katika mvuto bila kazi.

Najua nitaambiwa kuwa ng'ambo ziko nyuzi za kiwandani zinazovutika kidogo sana, kwa hiyo ya nini kujitaabisha na mkonge. Nyuzi hizo zipo, na zina mahali pake katika mata ya kisasa. Lakini uzi wenye mnyumbuko mdogo mno huurudishia mti mshtuko mkubwa, na ncha za uta wa mti wa kawaida huweza kupasuka. Katani husimama katikati, haina ulegevu wa nailoni wala ukali wa nyuzi hizo. Wengine watasema kuwa mkonge wenyewe ni mgeni, kwa kuwa Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga kutoka Florida mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyosalimika kati ya 1,000, ikazaa mashamba yaliyoenea hata Lindi na Mikindani. Ni kweli, na kabla yake watu walisokota kamba kwa nyuzi za gome la mbuyu na kwa mimea mingine ya porini. Mila, kwa rai yangu, haikai katika uzawa wa mmea. Hukaa katika insafu ya mkono, mkono uliojifunza kuchagua, kusawazisha na kujaribu kabla ya kutumia, na mkono huo ukipewa nyuzi za mbuyu au za mkonge utafanya kazi ile ile.

Iko hoja nyingine nzito zaidi, kwamba kufundisha ugwe ni kuwapa auni majangili. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila kibali, nami siombi ilegezwe hata kidogo. Lakini jangili wa leo hahitaji kusokota katani siku tatu. Anao waya wa kutegea. Anayehitaji subira ya namna hiyo ni mwanafunzi na fundi, na hao ndio ninaowasemea. Kulenga shabaha kwa uta ni mchezo uliokuwamo katika Olimpiki tangu 1900, ukatoweka baada ya 1920, ukarudi 1972 na upo hata sasa. Hakuna muhali wa kuutia katika mashindano ya shule za sekondari ya UMISSETA mkoani Mtwara, kwa sharti kwamba kila shule ije na ugwe uliosokotwa na wanafunzi wake. Mwalimu wa fizikia atapata somo lisilohitaji maabara ya gharama: atundike nailoni, usumba na katani kwenye boriti moja, aongeze mzigo kilo kwa kilo, wanafunzi wapime kwa rula na kuchora jedwali. Chuo cha ufundi cha VETA hapa Mtwara nacho kingeweza kuweka kozi fupi ya kusokota kamba, na mafundi wazee wakaitwa kufundisha kwa malipo ya halali badala ya kusifiwa bure.

Wafanyabiashara wa vinyago, kwa upande wao, wasingoje serikali. Mgeni anayenunua uta wenye mshipi wa nailoni anauziwa fimbo iliyopindwa, na akiuvuta mara kumi ataijua hakika hiyo. Kwa hiyo nawashauri wanunuzi, wageni kwa wenyeji, wapime nafasi ya ugwe na tumbo la uta kwa ngumi, wauvute uta mara kadhaa na kuurudisha taratibu bila kuuachia mtupu, kisha wapime tena. Nafasi ikiwa imepungua, wamrudishie muuzaji bidhaa yake kwa adabu na kumwambia sababu. Wakifanya hivyo kwa msimu mmoja, bei ya ugwe wa katani itapanda yenyewe, na kijana wa Mikindani ataona faida ya kukaa pajani pa mzee na jani la mkonge.